Vijana, munataka kuona barafu ya Ruwenzori? Hesabuni kwanza

Waulize vijana wa kartie yako ulizo hili: katika inchi yetu yote ya Kongo, mahali pa juu kupita pote ni wapi? Mumoja atajibu Nyiragongo, sababu amesikia jina lake ku radio kila mara ule mulima unapotapika moto. Mwingine atasema Kundelungu, sababu ndiyo anajua kwa macho yake. Wote wawili wamekosa. Nyiragongo ina metri 3,470. Kundelungu yetu haifike hata 2,000. Mahali penyewe ni kichwa cha mulima kinachoitwa Margherita, katika milima ya Ruwenzori, kwenye mupaka wa Kongo na Uganda: metri 5,109. Katika Afrika yote ni Kilimanjaro na mulima Kenya tu inayoipita. Na juu yake kuko barafu, karibu kabisa na ikweta.

Pengine wewe kijana unayesoma ukurasa huu umekwisha kujisema: siku moja nitafika pale. Ni mawazo mazuri. Lakini mulima huu si kama kupanda terili ya mungodi siku ya yenga. Kuko watu wenye nguvu ya ng'ombe walioshushwa wakibebwa. Basi tuongee polepole, mama na baba wasikilize vilevile, sababu mara nyingi ni wao watakaotoa pesa.

Kilembe, muji wa shaba

Wewe wa Likasi, Kolwezi ao Kipushi, ukifika Kilembe utafikiri umefika kwenu. Kilembe iko upande wa Uganda, chini ya mulima, karibu na muji wa Kasese. Kule walichimba shaba, na pamoja na shaba kulikuwa kobalti, sawasawa na hapa kwetu. Mungodi ulianza kazi kubwa mwaka 1956, na mwaka uleule njia ya reli kutoka Kampala ilifika Kasese sababu ya shaba ile. Miaka ya 1970 ilikuwa mibaya kwa Uganda, mashini zikakosa vipande, na karibu mwaka 1982 kazi ikasimama. Makambi ya wafanyakazi yakabaki, nyumba kwa mistari, na watu wakabaki ndani yake. Mutu wa jamaa ya Jekamini hana lazima ya kuelezwa zaidi.

Mutu wa kwetu amezoea kufikiri kwamba mulima mukubwa ni mulima wa moto, kama Nyiragongo. Ruwenzori hapana. Ni jiwe la zamani sana lililosukumwa juu wakati udongo ulipasuka pande zote mbili. Ni kwa sababu ile shaba inapatikana kwenye miguu yake.

Sasa, kutoka mule mule Kilembe, kati ya nyumba za wafanyakazi, inaanza moja ya njia mbili kubwa za kupanda. Njia ya pili, ya zamani zaidi, inaanzia kijiji cha Nyakalengija na inazunguka katikati ya milima kwa muda wa siku saba hivi. Zote mbili ziko ndani ya hifadhi ya taifa ya Milima ya Ruwenzori, iliyoundwa mwaka 1991, yenye kilometri za mraba karibu 1,000. Mwaka 1994 UNESCO iliiandika katika urizi wa dunia nzima.

Kwa nini tusipande kupitia kwetu?

Ulizo hili ni la haki. Sehemu moja ya mulima ni yetu, iko ndani ya hifadhi ya Virunga, ile ya mwaka 1925 iliyokuwa ikiitwa Albert. Mwaka 1932 Wabeleji walipanda kutoka upande wa Kongo, na nyuma yao wageni wengi walianzia Mutwanga, wakilala katika vinyumba vilivyojengwa njiani. Ilikuwa njia ya kusifiwa.

Lakini tangu mwaka 2014 watu wa Beni na vijiji vya jirani wamezika wafu wengi mno kwa mikono ya waasi wa ADF. Hatuwezi kumuambia mutoto wa mutu aende kutembea kule na mufuko mugongoni. Na mupaka hauzuii risasi. Mwezi wa 6 mwaka 2023 shule moja ya Mpondwe, upande wa Uganda, karibu kabisa na mupaka, ilivamiwa na wanafunzi wengi wakauawa. Hifadhi ya Uganda yenyewe ilifungwa kutoka 1997 mpaka 2001 sababu ya vita ileile. Kwa hiyo kazi ya kwanza katika mupango wako ni hii: mwezi moja mbele ya safari, na tena juma moja mbele, ulize habari za Kasese kwa watu wenye kukaa kule. Si vigumu. Wakonzo wa Kasese na Wanande wa Butembo ni ndugu, luga yao karibu ni moja. Na nani katika miji yetu ya mungodi hana jirani ao muuza duka Munande? Muulize. Atapiga simu kwa shangazi yake, na utapata habari ya kweli kupita ile ya gazeti.

Ni Wakonzo hao waliotoa jina la mulima. Nzururu kwa luga yao ni barafu, teluji. Wazungu walikuja nyuma na majina ya mabibi wao wakubwa: Margherita ni malkia wa Italia, sababu ni Mwitalia, mutoto wa mufalme, aliyefika juu mara ya kwanza mwaka 1906.

Safari ya kufika

Kutoka Katanga, wenye pesa watakamata ndeke mpaka Entebbe kwa kubadilisha njiani, kisha bisi kutoka Kampala mpaka Kasese, siku moja ya barabara. Wenye pesa kidogo wanajua njia ya makamiyo: Kasumbalesa, Zambia yote, Tunduma, Tanzania, na kuingia Uganda kupitia Mutukula. Ni siku nyingi. Hesabu siku za kulala duane pia, na ufike Kasese siku mbili mbele ya kupanda, mwili upumzike. Anayeshuka ndani ya bisi na kuanza mulima kesho yake asubui anajitafutia mateso. Kupitia Goma na Bukavu tusiongee kwa sasa.

Paspoti iwe na miezi sita mbele. Karte ya manjano ya chanjo iwe ya kweli, umechanjwa kweli, si ile ya kununua. Juu ya viza, ulizeni ubalozi wa Uganda wakati wenu ule, sababu sheria zimebadilika tangu Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022.

Neno hilo la Jumuiya lina faida kwa mufuko. Hifadhi za Uganda hazina bei moja kwa wote: kuko ya wageni wa mbali, na kuko nyingine ndogo ya raia wa Jumuiya. Wakati munaandikia wenye kupandisha watu, semeni waziwazi: sisi ni Wakongomani, tutaonyesha paspoti, tupeni bei yetu. Usipouliza, hakuna atakayekukumbusha.

Pesa, bila kuficha

Kufika Margherita na kurudi kunakula siku saba ao nane, na kunaomba zaidi ya dola 1,000 kwa mutu moja, bila barabara. Ndani yake kuko malipo ya hifadhi, kiongozi, wabebaji, mpishi, chakula na mahali pa kulala. Huwezi kupanda peke yako, hifadhi haikubali. Najua namna mama moja atajibu hapo: «Mwanangu, dola elfu? Mulima inatukulisha?» Ana haki. Dola elfu ni masomo ya watoto.

Lakini kuko mulango mwingine, na mimi naona ndio unafaa kikundi cha vijana. Kutoka Kilembe munaweza kupanda siku tatu ao ine, mulale Sine, mulale Mutinda, na mufike juu ya jiwe la Mutinda, karibu metri 3,975, kisha murudi. Kutoka Nyakalengija kuko muzunguko wa siku tatu wa ziwa Mahoma. Bei inashuka sana, hamuna lazima ya kamba na vyuma vya barafu, na karibu kila kitu cha ajabu cha Ruwenzori mutakiona: muti mukubwa, mwanzi, na nyuma yake ile miti ya erika yenye kuvaa ndevu za nyasi mabichi toka kichwa mpaka miguu, kama wazee wa zamani waliosimama katika ukungu. Juu zaidi kuko lobelia, muti kama mushumaa wenye kupita mutu kwa urefu. Kwetu majani ya namna ile ni madogo ya kupanda mbele ya nyumba. Ukibahatika utakutana na kinyonga mwenye pembe tatu.

Msihaye kusema «tulifika Mutinda». Wengi walioenda Margherita hawakuona kitu juu, ni ukungu tu.

Mvua na mabote

Miezi mizuri ni kutoka katikati ya mwezi wa 12 mpaka mwezi wa 2, na tena mwezi wa 6 mpaka wa 8. Muzuri maana yake mvua kidogo, si kukosa mvua. Kule inanyeshaka wakati wowote. Mito inaweza kukasirika: Nyamwamba, mutoni wa Kilembe, ilibomoa nyumba na madaraja mwezi wa 5 mwaka 2013, na tena mwezi wa 5 mwaka 2020. Basi usikamate ndeke ya kurudi kesho yake ya kushuka. Acha siku mbili.

Njia ni matope. Si matope ya kuchafua viatu, ni matope ya kufika magoti, unaruka kutoka kichaka cha nyasi mpaka kichaka. Kiatu cha bei kubwa cha Bulaya kinashindwa pale. Chenye kushinda ni bote ya mpira, ile ile wachimbaji wetu wanavalaka. Nunua yenye kukutosha na shoseti mbili za manyoya, na uitembeze nyumbani wiki nyingi, isikuchubue kule. Viatu vikavu uviweke kwa kambi.

Juu ya nguo, kosa la watu wa kwetu ni kubeba jini na triko za pamba. Pamba ikiloa inashika maji, na maji yanakula joto ya mwili. Tafuta ku soko ya mitumba nguo za manyoya ao za nailoni, sharti moja tu: ikauke upesi. Koti ya mvua na suruali ya mvua, kofia ya baridi, mikufu ya mikono ya namna mbili. Mufuko wa kulalia uwe wa baridi ya kweli, sababu usiku kule juu maji yanakuwa mawe. Vitu vyote uvifunge ndani ya mifuko ya plastiki mbele ya kuviingiza mu sakoshi. Tochi ya kichwani, kama ya mufanyakazi wa chini ya udongo, na majiwe ya kubadilisha. Na miwani meusi kwa wenye kufika barafu, jua la kule linaunguza macho.

Hewa inapunguka

Sasa tukae kidogo hapa, sababu ni hapa watu wanakufa.

Kolwezi iko juu ya metri 1,400 na kitu, karibu sawa na Kilembe. Kwa hiyo mwanzo hautakusumbua. Lakini kadiri unapanda hewa inakuwa nyepesi, na juu ya metri 5,000 kila pumuzi inakupa karibu nusu tu ya ile mutu anapata kando ya bahari. Mwili unaweza kuzoea, lakini unaomba siku. Nguvu ya mikono haisaidii kitu. Mara nyingi ni kijana wa mupira anayeanguka wa kwanza, sababu alikimbia.

Alama za kwanza ni kichwa kuuma, kukosa hamu ya chakula, kutapika, usingizi kukimbia. Ukiwa nazo, usipande tena siku ile. Lala palepale ao shuka. Lakini kama mutu anaanza kutembea kama mulevi na hakunywa, ao anaongea maneno yasiyo na kichwa, ao anakosa pumuzi hata ameikaa chini, ao anakohoa povu, ashuke saa ileile, hata ni usiku, hata ni mvua, na mutu wa kumushika. Kungoja asubui kunaweza kumuua. Dawa ya kweli ni kushuka.

Tena kuko mutego wa kwetu. Kijana kichwa kinamuuma, mwili una baridi, rafiki zake wanasema: «Ni malaria tu, mupeni dawa, kesho tunaendelea.» Pengine ni malaria kweli, sababu Kasese iko na mbu wengi, na dawa ya kuzuia inafaa kuanzwa mbele. Bebeni kipimo cha damu cha haraka. Lakini hata kipimo kikionyesha malaria, mugonjwa hapandi.

Waganga wa mulima wanasema: ukipita metri 3,000, mahali pa kulala pasipande kupita metri 500 kwa siku, na kila siku tatu ao ine upate siku ya kupumzika. Sasa kamata kalamu na uangalie njia ya Kilembe namna inafanywa kila siku. Siku ya kwanza, kutoka Kilembe mpaka Sine, metri 2,596. Siku ya pili, Mutinda, metri 3,582: umekwisha kuruka karibu metri 1,000 kwa siku moja. Siku ya tatu Bugata, metri 4,062. Kisha kambi ya Hunwick, chini kidogo, na kambi ya Margherita, metri 4,485. Kutoka pale wanaamka katikati ya usiku, wanafunga vyuma vya meno chini ya viatu, wanafungana kamba na kuelekea juu.

Umeona? Siku ya pili ni kubwa sana. Lakini kati ya Sine na Mutinda kuko kambi nyingine, Kalalama, metri 3,134. Ukilala pale usiku moja, ile metri 1,000 inagawanyika mara mbili. Ni siku moja ya zaidi na pesa ya siku moja. Kikundi kitanunguna. Mwenye kuongoza kikundi asikubali, na pesa ile iingizwe katika hesabu tangu mwanzo, mbele ya kuchanga.

Kuna watu ambao wanapashwa kumuona muganga mbele ya kuandikisha jina. Kijana wa SS asiende juu, kwa nafasi yoyote. Mwenye AS, ambaye nyumbani ni muzima kabisa, anaweza kupata maumivu makali ya wengu kule juu: apimwe na aulize. Wazazi, kama hamujui damu ya mutoto wenu, huu ni wakati wa kujua. Mama mwenye mimba angoje. Na baba aliyefanya miaka makumi mawili chini ya udongo, kifua chake kinapiga filimbi usiku, apigwe picha ya mapafu kwanza. Kuko dawa inayoitwa acetazolamide, inasaidia mwili kuzoea, lakini muganga ndiye anaitoa, na umuambie kama mwili wako unakataa dawa za aina ya Bactrim. Haikupi ruhusa ya kukimbia.

Mazoezi hayaombi pesa. Miezi mitatu, mara tatu kwa juma, tembea saa mbili na mufuko wa kilo 8 mugongoni, ndani ya bote zako, na utafute mapando. Yenga moja kwa mwezi, kikundi kitembee siku nzima, hata kama mvua inanyesha. Mutajua upesi nani anasaidia wengine na nani anakasirika akiloa.

Barafu inaisha

Wenye kutaka barafu yenyewe wasikawie. Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilifunika karibu kilometri za mraba 7. Mwaka 2003 ilikuwa chini ya 1, na tangu pale imeendelea kupunguka. Ile inayobaki imepasuka, na njia ya kufika Margherita inabadilika sababu barafu imeondoka chini ya jiwe. Ngazi na kamba zilizofaa mwaka fulani hazifai mwaka unaofuata. Kwa hiyo habari za rafiki aliyepanda zamani zisikutoshe, uliza njia iko namna gani mwaka huu.

Mbele ya kulipa hata franga moja, andikieni wenye kupandisha watu na mungoje jibu la kuandikwa. Kamba na vyuma vya barafu ni vyao ao tunalipa mbali? Wabebaji wana koti, chakula na mahali pakavu pa kulala kama sisi? Munakubali tulale Kalalama? Kuko chupa ya hewa, na simu inashika kambi gani? Tukirudia Bugata, pesa ya siku zinazobaki inakuwa ya nani? Na la mwisho: kama mumoja wetu anagonjwa usiku, ni kiongozi gani atashuka naye, na ni nani atakayebaki na wengine? Wenye kazi nzuri watawapa majina. Wakijibu kwamba kwao hakuna mutu anayegonjwa, tafuteni wengine.